Kulungu Aliyegawiwa kwa Simu

Nimewahi kuwinda kulungu nikiwa nimekaa kwenye kochi, leso miguuni na kikombe cha chai mkononi. Wala si peke yangu. Tulikuwa tukiwinda nyumba nzima huku Manga, kila Jumapili ya mwanzo wa Desemba, ikifika saa kumi na nusu jioni. Kulungu mwenyewe alikuwa Minnesota kwenye theluji, na mwenye bunduki alikuwa ndugu yangu. Sisi wengine tulikuwa na simu tu, imeegemezwa kwenye mkebe wa majani ya chai, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na baba yetu ameiinamia kama anayesikiliza tumbo la ng'ombe mwenye mimba.

Tulimwita tata, kama watu wa kwetu wanavyowaita baba zao. Tangu atuache, Desemba ikiingia najikuta natazama saa ya ukutani. Ikigonga kumi na nusu nanyamaza, hata kama nilikuwa naongea na mtu. Watu wamenizoea.

Tumezaliwa wawili, mimi na huyo ndugu yangu, na yeye ndiye mdogo. Aliondoka akiwa kijana wa ndevu tatu, akaenda kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Karatasi zake za kukaa huko zimekuwa zikishughulikiwa miaka nenda miaka rudi. Akitoka kabla hazijakamilika, harudi tena. Kwa hiyo mama alipofariki, ndugu yangu alimzika kupitia simu iliyoshikwa na binamu mmoja mwenye mkono wa kutetemeka. Aliona zaidi viatu vya watu kuliko jeneza. Baada ya hapo yeye na tata waliishiwa maneno. "Habari ya huko?" "Ni nzuri. Ya huko?" "Ni nzuri. Mvua?" "Ipo." Halafu tata ananirudishia simu upesi, eti asimmalizie mtoto pesa.

Kilichowarudishia maneno ni gobore.

Kule kwao kuna msimu wa kuwinda, kama huku tulivyo na msimu wa mahindi. Wanaanza watu wa mishale, wanafuata watu wa bunduki za kawaida. Wakati huo wa bunduki za kawaida, wenyeji wote kazini huomba likizo waende porini, na ndugu yangu, kwa sababu ni mgeni, ndiye hubaki kuwageuza wazee vitandani. Likizo yake inapofika, ruhusa ya bunduki hizo imekwisha. Unaobaki ni msimu wa mkiani, wa gobore peke yake, ile bunduki ya kizamani ya kujazwa kwa mdomo. Unamimina baruti, unashindilia risasi kwa ufito mpaka chini, unafyatua mara moja. Ukikosa, umebaki na fimbo ndefu. Na kulungu wa wakati huo si wa kuchezea. Wameshapigiwa risasi tangu mwezi uliopita. Wajinga walishaliwa, wamebaki maprofesa.

Fundi mmoja wa mabomba hapo kazini, mzee wa Kizungu asiye na familia ya karibu, alimwazima ndugu yangu gobore lake na kumwonyesha linavyotumika. Ndugu yangu alinisimulia hayo kama kichekesho, nami nikamrushia tata huku naosha vyombo: mtoto wako sasa ni mwindaji, ana gobore. Tata akainuka. Akaja mpaka jikoni, jambo ambalo hakulifanya hata kwa njaa, akanyoosha mkono.

"Lete simu. Gobore gani?"

Waliongea mpaka chaji ikaisha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Tata aliwinda ujanani, kwa mkuki na mbwa, kwenye mteremko wa Manga, enzi ambazo bado kulikuwa na vichaka vya kumficha mnyama. Baadaye serikali ikapiga uwindaji marufuku, ingawa, tuseme ukweli, sisi wenyewe tulikuwa tumeshaifanya hiyo kazi kwa majembe. Leo ukisimama juu ya ukingo wa Manga unaona chai, migomba, mabati, na nguo za watu kwenye kamba. Mnyama wa mwituni aliyebaki ni fuko, na huyo naye anakula viazi vyetu vitamu. Kwa hiyo tata alikuwa mwindaji ambaye hakuwa na kitu cha kuwinda kwa karibu maisha yake yote, na sikujua kama jambo hilo lilimuuma mpaka nilipomsikia akimwuliza mtoto wake kuhusu upepo.

Kwanza, lakini, alifungua Biblia. Alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kisawasawa, na asingemruhusu mtoto kumwua mnyama najisi hata kama yuko ng'ambo ya bahari. Akapitisha kidole kwenye orodha ya wanaoliwa mpaka akamkuta kulungu ametajwa wazi. Akafunga kitabu, akavua miwani. "Yuko," akasema, kwa furaha ya mtu aliyekuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani.

Jumamosi, bila shaka, ilikuwa haramu. Wenzake ndugu yangu walishindwa kuelewa mwindaji wa namna gani anayeacha siku nzuri kuliko zote ipite akiwa kanisani, amevaa tai. Kwa hiyo tulibaki na Jumapili. Huko kwao kulikuwa kunapambazuka, huku kwetu chai ilishachumwa na kupelekwa kituoni, na tata ameshanawa miguu.

Sasa niseme na mimi nilikuwa nafanya nini pale, kwa umri wangu, kwenye kochi la baba.

Niliolewa upande wa Tabaka, kwa wachongaji wa mawe. Ndoa haikwenda. Sina haja ya kumsema mtu. Nilirudi nyumbani na begi moja na hasira za kutosha mabegi matatu. Mama alinipokea bila swali. Alipofariki, nilibaki katika jiko lake, nikawa nachuma chai yake na kumtunza mume wake. Na hapo ndipo baba mdogo, yaani mdogo wake tata, ambaye boma lake liko chini kidogo ya letu, alipoanza kunihurumia. "Mtoto wetu," alikuwa akiniambia kwa upole, "umeshaangalia chumba pale Ikonge? Pale kuna biashara." Kwetu wanasema msichana akishaolewa, kwao ni mgeni. Mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikuwa nalo muda mrefu, na bado nilihesabiwa mgeni. Mtoto wa kiume wa baba mdogo alikuwa ameoa na anatafuta mahali pa kujenga, na baba mdogo akiniongelesha macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa yanapima mashina ya chai nyuma ya bega langu.

Najua sheria ya nchi inasema nini kuhusu mabinti. Lakini sheria iko Nairobi, na baba mdogo yuko pale chini ya migomba, namwona nikianika nguo. Nilichokuwa nakihitaji ni neno la tata, alitamke mwenyewe, mbele ya baba mdogo, naye ndugu yangu, mrithi, akubali. Bila hilo, siku tata atakayofumba macho, mimi na begi langu tungekuwa barabarani kabla ya matanga kuisha. Na tata hakusema kitu. Wala ndiyo wala hapana. Mimi ninaweza kugombana na karani wa chai, na kondakta, na kiongozi wa kwaya siku moja, nikarudi nyumbani nikalala usingizi. Lakini sikuweza kumwuliza tata: nikae au niende? Niliogopa jibu, basi.

Badala yake nilimpikia chai ya uwindaji.

Nakumbuka ule ukimya kuliko vitu vyote. Ndugu yangu aliweka simu kwenye mfuko wa ndani, karibu na kifua, baridi isiue betri, na uzi mmoja wa kusikilizia sikioni. Picha hakuna. Tulisikia pumzi zake, kitambaa kikisuguana, mara tawi likilia kwa uzito wa theluji. Tata alifukuza kuku uani. Alipiga marufuku kutwanga, kufua, na hata kujikuna. Nje ukungu unapanda kutoka bondeni, ndani harufu ya mahindi ya kuchoma, na wazee wawili na mimi tunasikiliza mti wa ugenini. Baba mdogo naye alikuwa haachi kuja. Alipita tu, eti, akila mahindi yangu mstari kwa mstari.

"Tata, niko juu ya mti," sauti ilikuwa ikinong'ona.

"Upepo unatoka wapi?"

"Nadhani kushoto."

"Hakuna kudhani. Rusha majivu uone."

"Tata, hapa hakuna majivu. Ni theluji tupu."

"Umeenda kuwinda bila majivu?" Tata alitutazama sisi, kana kwamba tungemtetea. "Alilelewa na nani huyu?"

Mwaka uliofuata ndugu yangu alibeba majivu kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, kutoka jiko la yule fundi. Tata alisikia mfuniko ukifunguliwa na akatabasamu jioni nzima.

Lakini kulungu wa kwanza kabisa tulimpoteza kwa sababu ya maombi. Ndugu yangu alinong'ona, "Tata, yuko. Anakuja." Mwindaji mwingine yeyote angefyatua. Sisi tulilelewa kwamba huanzi jambo kubwa bila kuomba, na tata akasimama, akavua kofia, akasema, "Tufumbe macho." Akaomba. Akashukuru kwa pumzi na kwa theluji. Akamwombea mwenye gobore. Akapita kwa mayatima, akapita kwa wajane, akaingia hospitali akawaombea wagonjwa wodi kwa wodi. Ndugu yangu, aliye na adabu, alikuwa amefumba macho juu ya mti, na gobore magotini. Tata aliposema amina, tukaitikia wote, na simu ikaitikia.

"Haya, piga."

Tukakaza masikio kwenye simu.

"Ameenda, tata."

"Ameenda wapi?"

"Ulipofika hospitalini aliondoka."

Chai ilinitokea puani. Baba mdogo alijipiga mapaja. Tata alisimama pale na kofia mkononi, kisha kicheko kikamjia kutoka chini, polepole, mpaka akalazimika kukaa. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mama alipokuwa hai. Ndugu yangu naye alicheka juu ya mti wake, na nadhani kulungu wote wa Minnesota walihamia mkoa mwingine.

Ndivyo misimu ilivyopita. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilishuka juu ya mabati wakati uleule aliponong'ona, na tulipoweza kusikia tena, mambo yalishaisha. Mwaka mwingine baruti ilipata unyevu, tukasikia kitu kikisema tik, basi. Tata alimtia moyo, na baadaye wakaongea kuhusu mambo mengine: goti lake, mpango wa paa la kanisa, jinsi mama alivyokuwa akimficha ndugu yangu viboko. Natamani ningekuwa nimerekodi mazungumzo hayo. Nilidhani yatakuwepo tu, kama mvua.

Msimu wa mwisho tata alikuwa kitandani. Miguu ilivimba, na daktari wa Kisii mjini alitupa dawa nyingi na maneno machache. Tulimhamishia sebuleni apate kuona mlango. Baba mdogo alipoona hivyo, upole wake ukapungua. Siku moja narudi kutoka kituo cha chai nakuta vigingi vimepigwa nyuma ya jiko la mama, na kamba imevutwa kutoka kimoja hadi kingine. Msingi wa nyumba ya kijana wake. Tata alikuwa amelala. Sikupiga kelele. Niliving'oa vyote, nikavikata, nikachemshia chai. Baba mdogo alipita jioni, nikammiminia, akainywa.

"Hii ina moshi kidogo," alisema.

"Ni kuni mbichi, baba mdogo," nikamwambia.

Alielewa. Tukatazamana juu ya vikombe kama majogoo. Lakini nilipoingia kulala nilikesha, kwa sababu vigingi hupatikana popote, na pumzi za tata nilikuwa nikizisikia kupitia ukuta zikihesabika.

Jumapili ile ya mwisho niliiweka simu kwenye mto wake, kando ya sikio. Baba mdogo alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote. Saa kumi na nusu ilipita, na bado hakuna kitu isipokuwa pumzi mbili, ya ndugu yangu na ya tata, na sikuweza tena kujua ipi ni ya nani. Kisha:

"Tata. Yuko."

Nikamtazama tata, nikingoja avue kofia. Hakuomba.

"Niliomba asubuhi," alisema. Halafu kwa lugha yetu, kwa sauti niliyoijua tangu utotoni, sauti ya kuamrisha ng'ombe: "Bono!" Sasa!

Simu iliruka juu ya mto. Mlio ulikuwa kama mlango wa bati uliobamizwa na upepo, na kuku uani wakapiga kelele kana kwamba ni wao waliopigwa. Baba mdogo alijimwagia chai. Kisha sauti ya ndugu yangu, nyembamba, kama ya mtoto:

"Moshi mtupu. Sioni kitu. Tata, sijui kama nimempata. Nashuka niangalie."

"Keti."

"Tata, atakimbia."

"Keti hapo ulipo. Mnyama mwenye jeraha ukimfuata mbio, unampa nguvu za kufika kwa jirani. Mwache ajilaze mwenyewe."

Tukaketi wote. Nilipika chai nyingine kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi. Tulisikia meno ya ndugu yangu yakigongana, na tata, aliyekuwa hawezi kumaliza sentensi mbili bila kupumzika, akaanza kumsimulia jinsi mbwa wake wa zamani alivyokuwa mwoga wa mvua. Alimsimulia mpaka meno yakatulia. Hapo ndipo alipomruhusu kushuka. Tulisikia theluji ikikatika chini ya viatu, hatua baada ya hatua. "Kuna damu," alisema. "Inaonekana wazi, tata, kila kitu hapa ni cheupe." Akaenda. Akasimama. Kisha akaanza kulia.

"Amelala, tata. Ni dume. Amelala."

"Asante Nyasae, Mungu wetu," tata alisema. "Toa damu yote. Isibaki hata tone." Halafu akanigeukia. "Niinue."

Nikamwekea mito mgongoni. Alikuwa mwepesi kama kapu la chai lililomwagwa. Akafuta mdomo, akatazama ukutani, akasema, "Sasa nagawa," na baba mdogo akavua kofia yake papo hapo bila kuambiwa.

Kwa desturi ya ukoo wetu, mwindaji hagawi mnyama wake. Baba yake ndiye hugawa, na kila kiungo kina mtu wake. Nilisikia hadithi hizo tangu mdogo lakini sikuwahi kuona desturi hiyo ikifanyika, maana nani alikuwa na mnyama? Ukigawiwa, uko, na wote wamesikia kwamba uko. Asiyegawiwa ni mpita njia aliyekuta watu wakila. Na mgongo ni wa mwanamke mwenye jiko. Haubebwi kwenda boma lingine. Hupikwa palepale nyumbani. Mgongo ulikuwa wa bibi, kisha ungekuwa wa mama. Mama alikuwa kaburini, chini ya migomba. Nikasimama na birika mkononi, na nikajua kwamba jibu nililoliogopa miaka yote linakuja, na sikuwa na pa kukimbilia.

"Mguu wa mbele," tata alisema, "mpe mwenye gobore. Mwambie natoa mimi."

"Ndiyo, tata."

"Paja ni la wajomba zako. Kidari ni changu. Shingo, baba yako mdogo."

"Asante, ndugu yangu," baba mdogo akasema.

"Mgongo," tata akasema.

Alifumba macho. Nilidhani usingizi umemchukua. Baba mdogo naye alidhani hivyo, kwa sababu aliinama mbele, karibu na simu, akaongea kwa ule upole wake wa zamani.

"Mgongo ulikuwa wa mama yenu, na mama yenu alishatutoka. Labda uende kwa mke wa kijana wangu, kwa vile wanakuja kujenga hapa."

"Nani anagawa?" tata akauliza, macho bado yamefumbwa.

Baba mdogo akarudi nyuma kwenye kiti.

"Mgongo hautoki katika nyumba hii. Ni wa dada yako. Umesikia wewe?"

Simu ilikuwa upepo tu. Nilidhani mtandao umekatika. Niliomba kwa haraka, maombi mafupi kuliko yote yaliyowahi kuombwa katika nyumba ile.

"Nimesikia, tata. Mgongo ni wa dada."

"Sema tena. Baba yako mdogo masikio yake yamezeeka."

"Mgongo ni wa dada," ndugu yangu alisema kwa nguvu, kutoka kwenye theluji yake, pua imejaa machozi. "Yeye ndiye nyumbani. Hata mimi nikija, nitafikia kwake."

Nilitaka kusema jambo la heshima. Nilichosema ni kwamba kuna kitu kinaungua jikoni. Hakukuwa na kitu kinachoungua. Nilikwenda nikashika ukuta wa jiko la mama kwa viganja vyote viwili, nikalia kwa furaha na kwa hasira pia. Miaka yote ile! Angeshindwa nini kuniambia siku moja, tukichambua maharagwe? Lakini tata hakuwa mtu wa kusema jambo mpaka liwe na mahali pake, na mahali pake palikuwa hapo tu. Nilimpenda, na ningeweza kumpiga na mwiko.

Niliporudi sebuleni, kiti cha baba mdogo kilikuwa kitupu. Aliondoka bila kuaga.

Asubuhi tata aliniuliza kama nimewapelekea watu sehemu zao. Nikamwambia nyama iko Marekani ndani ya friza. Akanitazama kwa huruma.

"Nyama ni nyama. Ikonge hakuna mbuzi?"

Nikapanda boda boda mpaka Ikonge. Nikamwambia mwenye bucha nataka paja, kidari, shingo na mgongo, kila kimoja peke yake, na asikatekate. Akaniuliza kama nafungua hoteli. Nikamwambia nagawa kulungu. Akapangusa kisu na kunitazama vizuri, kisha akanifungia kwenye magazeti bila swali lingine. Paja nililituma kwa wajomba na huyohuyo wa boda boda. Kidari na mgongo nikaviacha jikoni. Ikabaki shingo.

Njia ya kwenda kwa baba mdogo ni fupi, nimeipita maelfu ya mara, lakini siku ile ilinichosha. Nilijua vizuri nilichokibeba. Anayepokea fungu lake ameukubali mgao wote. Na anayelirudisha ameukataa wote, mbele ya watu, na tata hakuwa na siku za kutosha kuugawa mara ya pili.

Alikuwa kwenye kigoda mbele ya mlango, ananoa panga. Mama mdogo alikuwa ndani, nasikia masufuria. Nikapiga goti kidogo, nikamwamkia, nikanyoosha furushi kwa mikono miwili.

"Tata amesema hii ni yako, baba mdogo."

Hakupokea. Akaendelea kunoa. Damu ilikuwa imeanza kulowesha gazeti, na mikono yangu ilianza kuuma, lakini niliapa moyoni kwamba sitalishusha chini hata ikibidi nisimame pale mpaka chai ianze kuchumwa tena. Mwishowe akaweka panga kando. Akafunua gazeti kwa kidole kimoja, akaitazama ile shingo ya mbuzi kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo ya kulungu?"

"Ndiyo."

"Na mgongo uko wapi?"

"Uko nyumbani," nikasema. "Nitaupika leo."

Baba mdogo aliangalia juu, kuelekea kwetu, ambako moshi wa jiko langu ulikuwa unatoka kwenye mabati. Akavuta pumzi. Kisha akageuza kichwa kuelekea mlangoni.

"Mama watoto," akaita, "leta sufuria."